Mkojo unanitoka nikiinuka kwenye sijida. Ni uzee tu?

"Daktari, nina miaka 54, nimezaa watoto watano, wote kwa njia ya kawaida. Wa mwisho alikuwa na kilo 4 na kitu, nikashonwa. Tangu hapo nikipiga chafya matone mawili matatu huniponyoka, nikazoea. Hedhi ilipokoma, miaka mitatu sasa, mambo yamezidi. Nikiinuka kwenye sijida mkojo unanitoka, nikijitwika ndoo unanitoka, na siku nyingine nikishaingiza ufunguo mlangoni sifiki chooni. Jioni nahisi kitu kimeshuka huku chini, kama yai. Mwaka huu nimetibiwa UTI mara tatu. Dada yangu anasema ni uzee, mama yetu pia alikuwa hivi. Jirani kanipa shabu ya kukalia, mwingine kaniuzia vidonge vya kuweka ndani. Nesi aliniambia niwe nakata mkojo katikati ninapokojoa. Nimefanya miezi miwili, sioni tofauti. Mchana nimeacha kunywa maji. Naogopa wataniambia kizazi kitolewe. Mwezi wa kumi na mbili nina harusi Mombasa, basi kutoka Tanga, na nimeshaanza kutafuta sababu ya kutokwenda. Binti yangu naye ana mimba ya kwanza. Atakuwa kama mimi?"

Shikamoo mama. Kwanza nisahihishe jambo moja dogo: mimi si daktari, ni mtaalamu wa fiziotherapia, na misuli hii unayoiulizia ndiyo kazi yangu ya kila siku. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa nahesabu: chafya, sijida, ndoo, ufunguo, yai, UTI, shabu. Mara ya pili nikasimama pale kwenye harusi. Mtu aliyefika kutafuta udhuru wa kukosa harusi ya ndugu zake kwa sababu ya mkojo amevumilia vya kutosha.

Swali lako nalijibu mapema: hapana, si uzee tu. Umri una mchango wake, nitaueleza, lakini wako mabibi wa miaka 80 wasiovuja hata tone, na wako mabinti wa miaka 25 wanaovuja tangu walipojifungua. Hali hii inawapata wanawake wengi mno, na huo wingi ndio unaotudanganya tuione ni kawaida ya mwili wa kike. Kwamba mama yenu alikuwa hivyo, inawezekana mmerithi ulaini fulani wa nyuzi zinazoshikilia viungo. Ila mama yenu naye alizaa, alibeba maji na kuni, na nina hakika hakuna aliyewahi kumuuliza.

Sasa nikueleze kilichopo huko chini, kwa sababu ukishakiona kichwani, mazoezi yenyewe hayatakuwa fumbo. Bila shaka umewahi kulalia kitanda cha kamba. Kuna mifumbati pande zote, na katikati kamba zimewambwa. Mifupa ya nyonga ndiyo mifumbati: mbele mfupa wa kinena, nyuma kifandugu, ile ncha ya uti wa mgongo unayoikalia ukiteleza. Kati ya mifupa hiyo imewambwa misuli, tabaka juu ya tabaka, nayo tunaiita sakafu ya nyonga. Juu yake wamelala watatu: kibofu mbele, kizazi katikati, utumbo wa haja kubwa nyuma. Njia zao zote tatu, ya mkojo, ya uzazi na ya haja kubwa, zinapita katikati ya kamba hizo. Kitanda kikilaliwa miaka bila kuwambwa upya, kamba zinalegea na katikati panafanya bonde. Waliolala juu wanashuka kuelekea bondeni.

Kamba hizi, hata hivyo, zina uhai. Unapotaka kukohoa, misuli hii kwa kawaida hujikaza yenyewe nukta moja kabla ya kikohozi, bila wewe kujua. Kikohozi kinasukuma tumbo lote kwenda chini, kibofu kinabanwa, na mkojo unatafuta njia. Daktari mmoja wa Marekani, John DeLancey, mwaka 1994 alieleza vizuri kwa nini mwingine anavuja na mwingine havuji. Nami huwaeleza wagonjwa wangu hivi: chukua mpira wa kumwagilia bustani, ulaze juu ya saruji, ukanyage. Maji yanakatika. Ulaze juu ya tope, ukanyage kwa uzito uleule. Unadidimia, na maji yanaendelea kupita. Mrija wako wa mkojo ndio huo mpira, na sakafu ya nyonga ndiyo saruji au tope.

Mtoto anapopita, sehemu ya misuli hii iliyo karibu na njia ya uzazi hunyooka zaidi ya mara tatu ya urefu wake. Hakuna msuli mwingine mwilini unaofanyiwa hivyo ukabaki mzima, na ajabu ni kwamba mara nyingi unabaki. Lakini mtoto wa kilo 4 na ushee, wa tano, na mshono juu yake, huacha deni. Ulikuwa kijana, mwili ukalilipa kidogokidogo, ukabaki na matone ya chafya. Kisha hedhi ikakoma. Homoni ya estrojeni, ambayo kazi yake mojawapo ni kuufanya utando wa uke na wa mrija wa mkojo uwe mnene, laini na wenye damu ya kutosha, ikashuka. Utando ukawa mwembamba na mkavu, na mlango wa mrija haufungi kwa ulaini ule wa zamani. Misuli nayo, kama ya mapaja na mikono, hupungua usipoitumia. Deni la miaka ile limekuja kudaiwa leo.

Katika barua yako naona mambo matatu yaliyochanganyika. La chafya, ndoo na kuinuka ni mkojo unaosukumwa nje na shinikizo la tumbo. La ufunguo mlangoni ni jingine kabisa: pale kibofu chenyewe kinajikamua kabla ya ruhusa, na kimejifundisha kufanya hivyo kila kinapoona dalili ya choo. Usione haya, hilo la mlangoni nalisikia karibu kila wiki. La yai la jioni ni kiungo kilichoanza kushuka. Asubuhi umetoka kulala, kimerudi mahali pake, ndiyo maana hukihisi. Kutwa nzima ukisimama, kinashuka tena. Nasema "kiungo" kwa makusudi, maana si lazima kiwe kizazi. Mara nyingi ni ukuta wa mbele wa uke, ambao kibofu kinauegemea. Huwezi kujua bila kupimwa, na mimi siwezi kujua kwa barua.

Kuhusu UTI tatu: je, mkojo wako uliwahi kuoteshwa maabara, yaani kuwekwa siku kadhaa waone kama vijidudu vinaota, au ulipewa dawa kwa maelezo tu? Haraka ya mkojo na kwenda chooni kila saa hufanana sana na UTI hata pasipo na mdudu. Pia inawezekana ulikuwa nayo kweli, kwa sababu utando mwembamba baada ya hedhi kukoma hushikwa kirahisi. Vyovyote iwavyo, usimeze antibiotiki ya nne kabla ya kuotesha. Hapohapo omba sukari ipimwe, kwani kisukari kisichojulikana hujitangaza kwa mkojo wa mara kwa mara.

Shabu, tafadhali iweke kando. Najua imetumika pwani yote tangu bibi zetu, na najua kwa nini watu wanaiamini: ukiitumia unahisi pamebana. Kinachobana ni ngozi ya juu, imekaushwa na kukunjamana. Msuli uko ndani zaidi, shabu haiufikii. Kwa mwanamke ambaye hedhi imekoma na utando wake tayari ni mkavu, shabu inamkaushia palipokauka, inachana, inaleta michubuko na vijidudu. Vile vidonge ulivyouziwa, vya kusafisha na kubana, sijui vina nini ndani, na aliyekuuzia naye nadhani hajui. Kama kimoja bado kipo ndani, kitoe leo. Ulipie nauli ya hospitali kwa hizo hela.

La kukata mkojo katikati lina asili yake, na nesi alikuwa na nia njema. Njia hiyo hutumika mara moja, kumwonyesha mwanamke msuli wenyewe uko wapi. Ikifanywa ndiyo zoezi, kila siku, unakichanganya kibofu: chenyewe kinakamua, wewe unafunga, mkojo mwingine unabaki ndani na kuwa shamba la vijidudu. Miezi miwili inatosha, acha. Ukienda chooni keti au chuchumaa vizuri, mwaga wote, bila kusukuma.

Mazoezi haya duniani yanaitwa kwa jina la Arnold Kegel, daktari wa wanawake wa Marekani aliyeyaandika mwaka 1948. Watu wengi wamesahau kwamba Kegel hakumwambia mwanamke "bana" akamwacha aende. Alikuwa na kifaa cha kupima, mwanamke anaona mwenyewe kama anabana kweli. Kifaa kikaachwa, neno likabaki, na leo linauzwa mitandaoni kama siri ya kumshika mume. Mwaka 1991 Richard Bump na wenzake, Marekani, waliwapima wanawake 47 waliofundishwa kwa maelezo ya mdomo tu. Karibu nusu walibana sawasawa, na robo walikuwa wakifanya kitu kinachoweza hata kuzidisha kuvuja. Nayaona mambo hayo kwenye kitanda changu cha kupimia wagonjwa. Juzi mama mmoja, mkubwa kwako kidogo, aliniambia amefanya "kegel" mwaka mzima. Nikaweka mkono, nikamwambia abane. Akavuta pumzi, akaifunga, akakaza tumbo mpaka uso ukaiva, na chini nikahisi kila kitu kinasukumwa kuja kwenye vidole vyangu. Mwaka mzima alikuwa anajizalisha.

Basi fanya hivi. Lala chali, magoti yamekunjwa, kanga juu. Pumua kawaida. Fikiria umekaa mbele ya wakwe na upepo unataka kutoka, ubane usitoke. Umeona? Hapo nyuma pamejifunga na kuvutika juu kidogo. Sasa ulete mvuto huo mbele, kama unayezuia mkojo, na uuinue ndani, kuelekea kitovuni. Makalio yasijikaze. Mapaja yasibanane. Pumzi isisimame, na ili uhakikishe, hesabu kwa sauti. Kama huwezi kuhesabu umeshaifunga pumzi. Ukitaka kuhakikisha zaidi, osha mikono, ingiza kidole ukeni: kinatakiwa kibanwe na kuvutwa ndani. Kikisukumwa nje, simama hapohapo, unahitaji kuonyeshwa na mtu.

Bana kwa sekunde ulizoweza, hata kama ni tatu. Halafu legeza kabisa, kwa muda uleule au zaidi. Kulegeza ni nusu ya zoezi, na ndiyo nusu inayorukwa. Fanya mara 8, kisha bana na kuachia harakaharaka mara 5 au 6, maana kuna nyuzi za kustahimili na nyuzi za kuwahi chafya. Hilo ni duru moja. Kwa siku duru 3. Kila wiki ongeza sekunde, mpaka ufike 10. Ukizoea ukiwa umelala, fanya umekaa, kisha umesimama jikoni. Miongozo ya Uingereza inataka angalau miezi 3 ya mazoezi haya chini ya usimamizi kabla ya kusema yamefaulu au yameshindwa, na uzoefu wangu unakubaliana nayo. Wiki ya nne hutaona kitu. Wengi huacha hapo.

Kuna kimoja kinachofanya kazi mapema, na kwako ndicho nitakachoanza nacho. Bana kabla ya tukio. Chafya inakuja: bana, piga chafya, achia. Mwaka 1998 ilionyeshwa kwamba wanawake waliofundishwa hivyo walipunguza sana mkojo unaotoka wakikohoa, ndani ya wiki moja tu, muda usiotosha msuli kuongezeka nguvu. Walichojifunza ni kuwahi. Kwenye swala, mkao wenyewe wa sijida, makalio juu na kifua chini, ni raha kwa sakafu yako. Uzito wote umeondoka juu yake. Kinachokuponza ni kuinuka. Kabla ya kuinuka bana, toa pumzi taratibu, inuka na pumzi inayotoka. Na kuhusu udhu, muulize shehe unayemwamini bila kuficha. Mafakihi wana mlango mzima wa watu wenye udhuru kama huu, si jambo geni kwao, na si langu kulitolea hukumu.

Ndoo vivyo hivyo. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 na uzito wa ndoo yenyewe, na sekunde mbaya kuliko zote ni ile ya kujitwika peke yako. Vijijini mkoani Kilimanjaro walipimwa wanawake zaidi ya elfu moja, utafiti ukachapishwa 2018. Zaidi ya nusu walikuwa na viungo vilivyoshuka kwa kiwango fulani, wachache ndio kwa kiwango kikali, na miongoni mwa mambo yaliyoambatana na hali hiyo ni kuzaa mara nyingi na kubeba mizigo mizito. Siwezi kukuambia usibebe maji kana kwamba bomba liko jikoni kwako. Nakuambia ugawe ndoo mara mbili, umwite mtu akutwike, na ukiinua, ubane na kutoa pumzi.

Kwa lile la ufunguo tunakifundisha kibofu upya. Kwanza andika siku 3: saa uliyokunywa, ulichokunywa, saa uliyokojoa, na kiasi, kwa kopo la kupimia. Kibofu cha mtu mzima hubeba karibu nusu lita bila taabu. Nahisi daftari lako litaonyesha vijiko tu, kwa sababu umezoea kwenda "nisije nikashikwa", na kibofu kikaamini hicho ndicho kipimo chake. Haraka ikija, usikimbie. Kukimbia kunatikisa kibofu na kukipa kiherehere. Simama au keti kwenye kizingiti, bana harakaharaka mara tano, ngoja. Haraka ya mkojo ni wimbi, inapanda na inashuka. Ikishuka, ndipo utembee chooni kwa heshima yako. Kila siku chache ongeza robo saa kati ya safari moja na nyingine, kwa wiki 6 angalau.

Na maji unywe. Ukijinyima, mkojo unakuwa mkali na unakiwasha kibofu, choo kinakuwa kigumu, ukichuchumaa unasukuma, na unasukuma juu ya kamba zilezile zilizolegea. Lita moja na nusu mpaka mbili kwa siku, nyingi mchana, kidogo baada ya magharibi. Ninachotaka upunguze ni kahawa na chai kali ya rangi. Papai na mchicha nadhani Tanga havijaadimika.

Hukusema kama una presha. Kama unameza dawa zake, niambie au mwambie daktari ni zipi. Kuna zile za jamii ya kaptopril na enalapril, ambazo kwa baadhi ya watu huleta kikohozi kikavu kisichoisha, na kikohozi cha kila siku ni nyundo juu ya sakafu. Kuna zile za kukojoza, ambazo saa ya kuzimeza inaweza kubadilishwa. Usiache dawa mwenyewe, omba zibadilishwe. Uzito nao, kama upo wa ziada, unasema: utafiti wa Marekani wa mwaka 2009 ulionyesha wanawake wanene waliopunguza kama asilimia 8 ya uzito wao walipunguza karibu nusu ya mara walizokuwa wakivuja. Kwa mtu wa kilo 90, hizo ni kilo 7 hivi.

Kizazi sasa. Mama, kizazi ni mpangaji. Sakafu ikibonyea, ukimfukuza mpangaji sakafu haitengenezeki, na kuna wanawake waliotolewa kizazi ambao kuta za uke zilishuka baadaye vilevile. Wakati mwingine kukitoa huwa sehemu ya upasuaji wa kurekebisha, lakini sehemu muhimu ni kushona na kuinua kilicholegea. Kabla ya kisu kuna mengi. Mteremko mdogo mara nyingi hutulia kwa mazoezi, hasa ule uzito wa jioni. Mteremko mkubwa kidogo una pete ya silikoni, inayowekwa ukeni na kushikilia viungo juu. Daktari au nesi aliyefunzwa anaipima na kuiweka, inaondolewa na kusafishwa kila baada ya miezi michache, na wapo wanaojifunza kuitoa wenyewe. Ni kitu cha zamani, cha bei nafuu kuliko upasuaji, na inanisikitisha jinsi kisivyotajwa. Krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni, kwa dozi ndogo, husaidia ukavu, haraka ya mkojo na UTI za kujirudia. Sizungumzii vidonge vya homoni vya kumeza, hivyo vinaweza hata kuzidisha kuvuja. Krimu aiandike daktari, na ajue kwanza kama umewahi kuwa na saratani ya matiti au unatokwa damu.

Ikifika upasuaji, na huenda isifike, muulize daktari kama ataweka wavu wa plastiki. Aprili 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru nyavu zinazowekwa kupitia ukeni kwa ajili ya viungo vilivyoshuka zisiuzwe tena, baada ya malalamiko ya miaka ya maumivu na wavu kuchomoza. Kushona nyama za mwili wako mwenyewe, bila wavu, bado kupo, na kuna upasuaji wa namna mbalimbali kwa mkojo wa chafya. Ni haki yako kuuliza ni upi, na kurudi nyumbani ukafikiri.

Hospitali uende hata kama mazoezi yanakufaa, kwa kipimo kimoja cha awali. Hospitali ya rufaa ya mkoa ina daktari wa wanawake. Muulizie pia fiziotherapia. Uliza hasa kama yuko anayefanya misuli ya nyonga, maana si sote, wengi tunanyoosha magoti na migongo. Ila usingoje hata wiki kama una damu kwenye mkojo, au umetokwa damu ukeni hali hedhi ilishakoma, au kitu kimetoka nje hakirudi au kina kidonda, au una homa na maumivu ya mgongoni. Mkojo ukigoma kutoka kabisa, au ghafla ukapata ganzi sehemu za kukalia na miguu ikalegea, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo. Ukisikia maumivu ukibana, au tendo la ndoa linauma, acha mazoezi mpaka upimwe. Kuna wanawake ambao misuli yao imekaza kupita kiasi, na kwao kubana ni kuongeza tatizo.

Kuna mwingine anayesoma haya ambaye mkojo wake hautoki kwa chafya. Unatoka usiku na mchana, bila kukoma, tangu uzazi mgumu au upasuaji. Dada, hiyo si sakafu kulegea. Hiyo ni fistula, tundu, na mazoezi hayaizibi. Inazibwa kwa upasuaji, na hospitali ya CCBRT Dar es Salaam huufanya bila malipo.

Binti yako. Kwanza aanze mazoezi sasa, akiwa mjamzito. Mimba ya kwanza ndiyo wakati mzuri kuliko wote. Pili, akijifungua, mtakapomfunga mkaja, msimkaze. Najua raha yake, na najua shangazi mmoja lazima atavuta mpaka mtoto wa watu akose pumzi. Tumbo likibanwa katikati, kilichomo kinakwenda chini, juu ya misuli iliyochanika jana. Mkaja wa kushikilia mgongo, unaoingiza vidole viwili kirahisi, hauna ubaya. Na siku arobaini hizo ndoo za lita 20 abebe mwingine.

Toka leo hadi harusi ni wiki 14 hivi, na mazoezi yanataka 12. Kata tiketi. Siku ya safari kunywa maji kama kawaida asubuhi, acha kahawa, kojoa kabla ya kupanda na tena Horohoro mpakani mkishuka kugonga pasipoti. Kaa karibu na mlango, weka pedi ya mkojo kwa ajili ya amani ya moyo, na beba kanga ya pili kwenye mkoba. Daftari la siku tatu nitumie mapema, kabla hujaanza kuongeza dakika, nikutazamie.